Kumi na moja bora wa Arsenal tangu aje Wenger: tupange watu wanaoweza kucheza pamoja, si orodha ya majina

Namba Sita (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Mjadala huu kila ukiibuka watu wanafanya jambo lile lile. Wanachukua kikosi cha 2003/04, wanamchomeka Tony Adams katikati ya ulinzi, wanagonga muhuri, mchezo umekwisha. Kikosi kile ni kizito, sibishi. Mechi 38, imeshinda 26, sare 12, kufungwa hakuna. Ila kumsifia bingwa wa mwaka mmoja ni kazi moja, na kutafuta wachezaji kumi na moja bora wa klabu kwa karibu miaka thelathini ni kazi nyingine. Halafu vikosi vya ndoto vina ugonjwa wake: mtu anarundika mafundi watano mbele, ukimuuliza nani anarudi kukaba mpira ukipotea anakujibu "hatutapoteza mpira".

Nimejiwekea masharti. Mnaweza kubishana nami ndani yake, au mkayabomoa yenyewe kwanza.

La kwanza ni mwanzo. Wengi wanaanza 1992 kwa kuwa ndipo Ligi Kuu ilipopewa jina jipya na pesa za televisheni zikaingia. Kwa Arsenal mwaka ule uwanjani hakikubadilika kitu. Kocha George Graham aliendelea na mpira wake wa kupata goli moja na kufunga mlango, na haukuwa mpira wa bure: Kombe la FA na Kombe la Ligi 1993, Kombe la Washindi Ulaya 1994 mbele ya Parma kwa goli la Alan Smith. Aliyegeuza chakula, mazoezi na macho ya usajili ni Arsène Wenger aliyetua 1996 akitokea Japani. Naanza naye, namalizia msimu wa 2024/25.

La pili: mchezaji awe na misimu mitatu kamili ya kikosi cha kwanza ndani ya kipindi hicho. Sitaki mtu wa mwaka mmoja wa moto.

La tatu: mfumo ni 4-4-2 ya Wenger, ile ambayo mshambuliaji mmoja anashuka na winga wa kushoto anaingia ndani. Nikishauchagua mfumo, mchezaji anapimwa kwa kazi anayoifanya humo. Ukubwa wa jina lake hauhesabiki.

Haya, tuanze.

Golini namweka David Seaman. Jens Lehmann alicheza mechi zote 38 za ule msimu wa kutofungwa, na aliidaka penalti ya Riquelme dakika za mwisho kule Villarreal iliyotupeleka fainali ya 2006. Heshima yake ipo. Lakini Lehmann alikuwa na presha zake, anagombana na straika kwenye kona wakati mpira upo hewani. Seaman alikuwa mtulivu hata mambo yakiharibika. Nusu fainali ya Kombe la FA 2003, Sheffield United, tunaongoza 1-0. Peschisolido anapiga kichwa karibu kabisa na mstari, goli lipo wazi, Seaman ameshapitwa. Anajirusha kinyumenyume, anaupeleka mkono nyuma ya mwili wake, anauchota mpira ukiwa unaingia. Ana miaka 39. Ilikuwa mechi yake ya 1,000 tangu aanze soka la kulipwa. Fainali akavaa kitambaa cha unahodha, hatukuruhusu goli, akaondoka.

Beki wa kulia ni Lauren, na najua hapa nitapigwa mawe. Tukifika nitajibu.

Katikati ni Adams na Sol Campbell. Wapo wanaosema ni pacha ya kufikirika kwa sababu mmoja alikuwa anamaliza mwingine akianza. Si ya kufikirika. Fainali ya FA 2002 dhidi ya Chelsea walianza pamoja, tukashinda 2-0. Adams alikuwa nahodha tangu 1988, na ndiye mtu aliyebeba ubingwa wa ligi akiwa nahodha katika miongo mitatu tofauti, ya themanini, tisini na elfu mbili. Campbell alitoka Tottenham 2001 mkataba ukiwa umeisha, hatukulipa ada hata shilingi, na chuki aliyobeba ingemvunja mtu mwingine yeyote. Miaka mitatu baadaye yupo White Hart Lane, uwanja wa Tottenham hao hao, anashangilia ubingwa baada ya sare ya 2-2.

Kushoto Ashley Cole. Aliondokaje ni habari nyingine. Uwanjani hatujapata tena beki wa namna ile.

Sasa kiungo, na hapa ndipo kikosi changu kinapoachana na cha wengi. Patrick Vieira hana mpinzani. Swali ni mwenzake, na mimi namchukua Emmanuel Petit badala ya Gilberto Silva. Sababu ni mguu wa kushoto. Upande wetu wa kushoto una Cole anayepanda, Pires anayeingia ndani, na Henry anayehamia huko huko kutafuta mpira. Watatu wote wanakwenda mbele. Mpira ukipotea, nyuma ya Cole pana uwanja mzima. Nahitaji kiungo ambaye kwa asili anaegemea kushoto, anayejua kukaba kama beki, na akiunyang'anya mpira anaupiga mrefu bila kugeuka kwanza. Petit alikuja kutoka Monaco akiwa mtu wa ulinzi, Wenger ndiye aliyemsogeza katikati. Kuhusu kuelewana na Vieira, tazameni goli la tatu la Ufaransa fainali ya Kombe la Dunia 1998: Vieira anapenyeza, Petit anamalizia. Wote wawili walikuwa wachezaji wa Arsenal siku ile.

Winga wa kushoto Robert Pires. Magoli 14 ya ligi 2002/03, 14 tena 2003/04, 14 tena 2004/05. Winga huyo, si straika.

Winga wa kulia ni Freddie Ljungberg. Sikuangalia kipaji peke yake, la sivyo ningekuwa na jina jingine. Niliangalia Dennis Bergkamp, mshambuliaji wangu anayeshuka, anahitaji nini. Dennis hakuwa na mbio za kukimbiza mabeki, alihitaji mtu wa kukimbia nyuma yao bila mpira, mara kumi kwa mechi, tisa akirudi mikono mitupu bila kununa. Desemba 2001 Juventus walikuja Highbury, uwanja wetu wa zamani. Dakika za mwisho mwisho Bergkamp anapokea mpira nje kidogo ya eneo la hatari, mabeki wamemzunguka. Anajizungusha, anausimamisha, anajizungusha tena, kila mtu uwanjani anasubiri apige au apoteze. Ljungberg anachomoka katikati yao, Bergkamp anaubofya kwa nje ya kiatu, Freddie anaubenjua juu ya Buffon. 3-1. Pasi ile inahitaji mtu wa aina ile upande wa pili.

Mbele Bergkamp na Thierry Henry. Henry magoli 228, mfungaji bora wa ligi mara nne, na 2002/03 alitoa pasi 20 za magoli kwenye ligi huku yeye mwenyewe akifunga 24. Sioni cha kujadili.

Kwa hiyo: Seaman, Lauren, Adams, Campbell, Cole, Ljungberg, Vieira, Petit, Pires, Bergkamp, Henry. Kocha Wenger.

Karibuni, ila mje na hoja.

Beki Mkongwe

Mleta uzi umeandika vizuri lakini umemkosea heshima Lee Dixon, na umemkosea zaidi Ian Wright.

Tuanze na Dixon. Msimu wa 1998/99 Arsenal iliruhusu magoli 17 kwenye ligi. Kumi na saba, mechi 38. Kikosi chako pendwa cha kutofungwa kiliruhusu 26. Ule ulinzi wa Dixon, Adams, Keown, Bould na Winterburn ulikuwa unapandisha mstari bila kuangaliana, mkono wa Adams ukienda juu mshika kibendera naye anainua. Unawezaje kumtoa mtu mle ukamweka Lauren aliyekuja Arsenal akiwa kiungo, akafundishwa ubeki ukubwani?

Halafu Wright. Magoli 185. Septemba 1997 alivunja rekodi ya Cliff Bastin iliyokaa miongo mingi. Msimu wa kwanza wa Wenger alifunga 23 kwenye ligi. Sharti lako la "misimu mitatu tangu 1996" linamtupa nje kwa sababu aliondoka 1998. Sharti linalomfukuza Ian Wright kwenye mjadala wa Arsenal bora ni sharti bovu, basi.

Winga Teleza

Nyie wazee mnaishi Highbury bado. Uwanja umehamishwa tangu 2006, hamjaarifiwa?

Nawapa hesabu. Msimu wa 2003/04 kikosi cha kutofungwa: pointi 90, magoli ya kufunga 73, ya kufungwa 26. Msimu wa 2023/24 kikosi cha kocha Arteta: pointi 89, ya kufunga 91, ya kufungwa 29. Tofauti ni pointi moja, na vijana wamefunga magoli 18 zaidi. Kilichowanyima ubingwa ni kwamba Man City walikuwa na pointi 91. Wale wa 2004 wangekusanya pointi zao 90 katika msimu ule wa 2024 wangemaliza wa pili vilevile, bila kufungwa.

Kwenye kikosi chako hakuna hata mmoja wa kizazi hiki. Hata Saka? Kijana wa akademi, alianza 2018 akiwa na miaka 17, akacheza beki wa kushoto alipoambiwa, winga wa kushoto alipoambiwa, mwisho akaifanya kulia kuwa yake. Magoli 16 ya ligi 2023/24, akikabwa na watu wawili kila mechi. Ljungberg hakuwahi kukabwa na wawili, maana mabeki walikuwa wanamwangalia Henry. Na Saliba je? 2023/24 hakutoka uwanjani hata dakika moja ya ligi nzima. Rice umemfungia mlango kwa sharti lako kwa sababu hadi 2024/25 alikuwa na misimu miwili tu, lakini mtu anayempiga Real Madrid faulo mbili za moja kwa moja ndani ya usiku mmoja, Aprili 2025, mnataka awaoneshe nini kingine?

Mtani wa Jadi

Napita tu kutoka upande wa Old Trafford, kwa Man United.

Kumi na moja hao wote, hakuna hata mmoja aliyebeba Ligi ya Mabingwa akiwa na jezi ya Arsenal. Henry alienda kuibebea Barcelona 2009. Cole alienda kuibebea Chelsea 2012. Wenzao wakabaki na picha za dhahabu za ubingwa wa ligi. Na ile safari ya mechi 49 iliishia kwetu, Oktoba 2004, 2-0. Endeleeni.

Kiungo Punda

Mtani kapiga panapouma, ila ametoa hoja bila kujua. Twende nayo Ulaya.

Msimu wa 2005/06 Arsenal ilicheza mechi kumi mfululizo za Ligi ya Mabingwa bila kuruhusu goli. Kumi. Real Madrid, Juventus, Villarreal, wote walitoka kapa. Ukuta wenyewe mara nyingi ulikuwa Eboué, Touré, Senderos na Flamini, yaani vijana, na beki wa kushoto wa kuazima kutoka kiungo. Sasa niambieni mbele ya ukuta ule alikuwa anasimama nani. Gilberto. Pembeni yake mtoto Fàbregas ambaye kukaba hakukuwa kazi yake.

Namba Sita unamwacha Gilberto kwa hoja ya mguu wa kushoto. Hoja nzuri kwenye karatasi. Lakini umesahau Vieira mwenyewe ni mtu wa namna gani. Vieira anapanda. Vieira anagombana. Msimu wa 2000/01 aliufungua kwa kadi nyekundu mbili katika mechi mbili. Ukimpa mwenza kama Petit, ambaye naye ana damu ya kuchemka na anapenda kupiga mashuti, siku moja wote wawili watakuwa kwenye boksi la wapinzani na Adams mwenye umri wake anabaki kukimbizana na winga. Gilberto hapandi. Anakaa pale, anaziba, anatoa pasi ya mita tano, anaziba tena. Hata kwenye muhtasari wa magoli humwoni, na ndivyo kazi ilivyotakiwa ifanyike.

Kwa hiyo namba ile mpe Gilberto, hata Cole atapanda akiwa na amani.

Mwana wa Emirates

Naona mnaruka kutoka 2006 hadi 2023 kana kwamba katikati klabu ilifungwa. Nimeanza kuipenda Arsenal kwenye miaka hiyo mnayoiruka, ngoja niisemee.

Cesc Fàbregas alicheza mechi ya kwanza Oktoba 2003 akiwa na miaka 16 na siku 177, mdogo kuliko wote waliomtangulia klabuni. Vieira alipouzwa 2005, kijana wa miaka 18 akaachiwa usukani. Machi 2008 San Siro, Milan ndio mabingwa watetezi, zimebaki dakika chache, anapokea mpira, anasogea, anapiga kutoka mbali, chini kabisa kwenye kona. Arsenal ikashinda 2-0 kwao. Msimu wa 2009/10 alifunga 15 kwenye ligi akiwa kiungo. Nani mwingine kwenye kiungo chenu ana msimu wa namna hiyo? Tena alikuwa anawapasia watu ambao nusu yao hawangepata hata benchi la 2004. Klabu ilikuwa inalipa deni la uwanja, kila dirisha anauzwa mtu.

Bacary Sagna naye, miaka saba beki wa kulia. Mnagombana kuhusu Dixon na Lauren wakati krosi nzuri kuliko zote mbili iko pale. Na Santi Cazorla, mtu ambaye mpaka leo sijui mguu wake wa asili ni upi. Fainali ya FA 2014 dhidi ya Hull tulishafungwa mbili kabla hatujatulia. Aliyeturudisha ni Cazorla, kwa faulo ile ya juu kabisa ya nyavu. Aaron Ramsey akamalizia muda wa nyongeza, ukame wa miaka tisa ukaisha.

Sisemi waanze wote. Nasema uzi wa "zama za kisasa" usiokuwa na mtu hata mmoja wa miaka hiyo ya katikati una walakini.

Winga Teleza

Mwana wa Emirates, umemsahau Van Persie. Magoli 30 ya ligi 2011/12. Najua kwa nini hamtaki kumtaja. 2012 alihamia kwa huyo mtani aliyepita hapo juu, akabeba ubingwa msimu wa kwanza.

Hapo namuuliza mleta uzi swali la haki: Cole alikutana na Chelsea kwa siri Januari 2005, ikaja kujulikana, yeye na klabu ile wakapigwa faini, mwaka uliofuata akahamia huko huko. Huyo umemweka. Van Persie hayumo hata kwenye maneno yako. Kipimo ni kimoja au kuna viwili?

Namba Sita

Nawajibu kwa mpangilio wa maumivu.

Van Persie na Cole. Kipimo ni kimoja, walichofanya wakiwa na jezi. Cole kabla hajaondoka alikuwa na ubingwa wa ligi mara mbili, na hakuna beki wa kushoto wa kipindi hiki anayemkaribia. Van Persie anagombea nafasi na Henry au Bergkamp. Hata angebaki Arsenal mpaka anastaafu, asingeingia. Hasira hazihusiki hapo.

Wright. Mkuu Beki Mkongwe, najua inauma. Ila fikiria ukilegeza sharti: ukimruhusu Wright kwa magoli ya 1991 hadi 1996, itabidi umruhusu na Paul Merson, tutajikuta tunapanga kikosi cha Graham chenye Henry mbele yake. Wright ni mkubwa wa zama zilizotangulia na akavuka mpaka akabeba ligi ya 1998. Na hata ndani ya mjadala, unamtoa nani? Henry na Wright wote wanataka kukimbia nyuma ya mabeki. Mmoja wao atakuwa mtazamaji.

Dixon na yale magoli 17. Takwimu hiyo naiheshimu kuliko zote zilizotajwa hapa. Lakini malizia habari yenyewe: msimu ule tulimaliza wa pili kwa tofauti ya pointi moja, 79 za Man United kwa 78 zetu. Ulinzi bora kabisa wa kipindi chote haukuleta kombe, kwa sababu mbele tulikuwa tunabana matumizi. Msimu wa 2001/02 tuliruhusu zaidi ya mara mbili ya hayo, makipa watatu wakapokezana golini, lakini tulifunga katika kila mechi ya ligi na ugenini hatukufungwa hata mara moja. Tukabeba ligi na FA. Kwenye timu ile Lauren alikuwa beki wa kulia. Kwa sababu alikuwa kiungo, anapokea mpira akiwa amebanwa na anautoa ukiwa safi. Ljungberg akikimbilia ndani, upande wote wa kulia ni wake peke yake. Dixon wa 1991 angeweza. Dixon wa baada ya 1996 alikuwa ameshavuka miaka 32, na kazi ile ni ya mapafu.

Sagna ni benchi langu la kwanza upande huo. Namkubali sana.

Saka. Nilipoandika kwamba ningeangalia kipaji ningekuwa na jina jingine, jina lenyewe ni hilo. Tatizo ni kwamba Saka anautaka mpira mguuni, kwenye mstari, halafu anaingia ndani kwa mguu wa kushoto. Pires upande wa pili anafanya hivyo hivyo. Bergkamp yupo katikati anasubiri mpira. Nani anakimbia bila mpira? Henry peke yake, na mabeki wote wanne wanalijua hilo. Ukitaka kumweka Saka badilisha mfumo mzima, 4-3-3, Rice chini, Ødegaard na Vieira juu yake, Bergkamp anakwenda benchi. Hicho ni kikosi halali kabisa. Mtu akipange nikione. Ila mkishamtoa Bergkamp msinitafute.

Pointi 89 za 2024 nazikubali bila kinyongo. Vijana wamekuwa wa pili mara tatu mfululizo, 2023, 2024, 2025, na kila mara aliyewazidi alikuwa amewazidi kweli. Lakini mjadala wa Saliba na Campbell unaamuliwa na mechi ambazo kombe lipo mezani. Campbell alipata fainali ya Ulaya, Paris, Mei 2006, tukiwa kumi uwanjani tangu Lehmann alambwe nyekundu dakika ya 18, na aliyetufungia goli ni yeye, kwa kichwa. Tulikuja kufungwa na Eto'o na Belletti, sawa. Saliba bado ana muda wa kupata usiku wake.

Kiungo Punda, wewe ndiye umenisumbua zaidi. Zile mechi kumi ni ushahidi mzito. Najibu hivi: Gilberto alimfaa Vieira aliyekwishatulia, na alimfaa Fàbregas. Mimi nampanga Vieira wa 1997 hadi 2000, na huyo mwenzake alikuwa Petit, na mwaka wao wa kwanza tu pamoja wakabeba ligi na FA. Ila nakupa hili: mechi za ugenini Ulaya, ambako Bergkamp hasafiri kwa kuwa hapandi ndege, naingiza Gilberto, Petit anasogea mbele kidogo kushoto, na Pires anacheza nyuma ya Henry. Hapo hata mtani aliyepita asingepata usingizi.

Beki Mkongwe

Kwa Wright sijaridhika na sitaridhika. Kwa Lauren umejitetea kiume. Ila tuambie benchi, kocha asiye na benchi hapati ushindi Februari.

Kiungo Punda

Mwenzake Vieira bado ni Gilberto. Ugenini umekubali, nyumbani utakuja kukubali.

Na tupe mpiga penalti. Hicho ni kitu kidogo kinachoua vikosi vikubwa.

Namba Sita

Benchi la watu saba: Lehmann, Sagna, Saliba, Gilberto, Fàbregas, Saka, Kanu. Kanu hayupo kwa huruma. Oktoba 1999 Stamford Bridge tulikuwa nyuma 2-0, akapiga matatu peke yake ndani ya robo saa ya mwisho, la tatu akilipiga kutoka karibu kabisa na mstari wa goli, pembe ambayo mtu mwenye akili timamu anapiga krosi. Mtu wa namna hiyo unamtaka aingie dakika ya 75. Martin Keown amekosa kiti kwa sentimita chache, na najua akisoma hapa atanitafuta.

Kona za kulia Petit, za kushoto Bergkamp. Faulo za karibu Henry.

Penalti ya kwanza Henry. Akiwa ametolewa, anapiga Lauren. Wanaomdharau wakatazame Aprili 2002, Tottenham wamesawazisha, dakika zinayoyoma, Henry yuko benchi, mbio za ubingwa ziko pale kwenye doti. Lauren alitembea, akauviringisha mpira katikati ya goli polepole kipa akiwa ameshaanguka upande, 2-1.

Wa tatu Bergkamp. Pires asikaribie doti kabisa, hasa kama Henry yupo naye karibu. Oktoba 2005 dhidi ya Man City walijaribu ile ya kupasiana penalti, Pires akaugusa mpira haukusogea, mwamuzi akawapa City faulo, na Danny Mills akawasomea risala wote wawili palepale uwanjani. Tulishinda 1-0, tena kwa penalti ya huyo huyo Pires aliyoipiga mapema. Moja inatosha.